Saa ya Gari

"P0730," fundi Kombo alisoma namba ya hitilafu kwenye mashine ya kupimia gari. "Gia zinateleza. Mngeteremka mlima hivi, zingewaachia kwenye kona."

Hidaya alimkumbatia mwanawe Rehani aliyelala begani. Safari ya mlimani ilikuwa yake na mtoto. Mumewe, Mbwana, aliyesimama kando ya gari, alikuwa anabaki, na ndiye aliyeapa kuwa gari ni zima.

"Lakini taa ya hitilafu imewaka leo tu, tulipokuwa tunatoka," Hidaya alisema.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akakinusa. Oili ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua.

"Hii si ya leo, dada. Lazima tufungue gia boksi. Taa kuna mtu anaizima. Ukichomoa waya wa betri inafutika kwa muda, ila saa ya gari nayo inapoteza majira."

Hidaya aliinua macho. Mwezi mzima alikuwa akiirekebisha saa ile kila asubuhi, na Mbwana akimcheka.

"Baba Rehani?"

Mbwana alitia mkono mfukoni, akatoa spana ndogo ya kufungulia betri, akaiweka taratibu juu ya boneti.

Hidaya alimhamishia mtoto bega la pili, lililo mbali na mumewe.