Samaki Alipona

Samaki aliruka kutoka kwenye beseni, nami nikamfuata mbio hadi chini ya kochi. Nilipomdaka nilicheka peke yangu. "Mtundu wewe, kama mwenyewe anayekufuga!"

Kumbe mpira niliokuwa nikivutia maji machafu ya tangi la samaki ulishachomoka kwenye ndoo. Maji yalitapakaa mkekani, na humo ndani ililala simu ya marehemu binti yangu. Nilikuwa nimeiweka chini ili isidondoke.

Sauti yake akitega kitendawili ilikuwa humo tu, si kwingine.

Niliifuta kwa pindo la gauni, nikaipuliza, nikaibonyeza. Kioo kilibaki cheusi. Tone moja lilichuruzika kutoka kwenye kitundu cha sauti.

Mjukuu wangu aliingia, akavua viatu vya shule.

"Bibi, leo umeoga sebuleni?"

"Njoo umwone samaki wako. Amepona."

Hakumtazama. Alikaa ubavuni mwangu kama kila siku, akaichukua simu mikononi mwangu na kuiweka sikioni.

"Tega, mama," akasema.

Akangoja. Kisha akanigeukia.

"Bibi, mbona leo mama hataki kucheza?"