Bunduki ya Ardis Tollefson

Jiko la gesi lilizimika mara ya tatu, na Ardis Tollefson akalipiga teke kama mtu anayemwamsha punda mvivu.

"Polepole, bibi," alisema Verlyn Stroud kutoka meza ya pili. "Hilo jiko halijakukosea."

Ardis alitaka kumgeukia amjibu, lakini shingo haikugeuka. Ilikuwa imefungwa bandeji ngumu tangu wiki iliyopita, na kila aliyeingia ukumbini alimuuliza amepatwa na nini. "Nimelala vibaya," aliwajibu wote, mpaka jibu lenyewe likamchosha.

Hakuna kilichoenda sawa tangu asubuhi. Alikuja na gari la kuazima la mpwa wake, linalonuka kondoo. Akapangiwa meza ya mlangoni, ambapo kila mtu huingia na theluji yake na upepo wake. Chumvi aliisahau nyumbani, ikabidi aiombe kwa Verlyn, mtu wa mwisho duniani aliyetaka kumwomba kitu.

"Chukua tu," Verlyn alisema. "Lakini ukinishinda kwa chumvi yangu mwenyewe, nitalia hapa hapa."

Kikombe cha ushindi Ardis hakukitaka. Alitaka kinachokuja nacho. Kila Desemba watu wa Cutler Creek hukutana katika ukumbi wa zimamoto kupika nyama ya porini, na pesa zinazopatikana huenda kutunza wanyama na makazi yao. Mshindi ndiye anayechagua kazi itakayofanywa theluji ikiyeyuka. Verlyn alikuwa ameshinda miaka minne mfululizo kwa bata mwitu wake wa moshi. Mwaka wa kwanza alichagua bwawa la bata. Wa pili, bwawa jingine la bata. Wa tatu akayapanua yote mawili, na wa nne akayapanda matete.

Ardis kwa miaka sita alikuwa akiomba kitu kimoja: uzio mrefu pale Kona ya Mierebi, na njia chini ya barabara, kulungu wapite bila kukanyaga lami. Mikutanoni walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea na mengine.

Leland Moe, askari wa wanyamapori, alipita meza hadi meza akikagua vibali. Sharti lilikuwa moja: nyama iwe ya mnyama uliyemuua mwenyewe, na kibali kiwepo. Akaisoma karatasi ya Ardis. Akaisoma tena. Akapangusa masharubu ambayo hayakuwa na kitu.

"Ni halali au si halali?" Ardis aliuliza kwa ukali.

"Halali kabisa, mama," alisema Leland, akagonga muhuri na kuondoka upesi.

Kisha kila mpishi akaweka ganda la risasi yake mezani na kulifunika kwa bakuli. Ndiyo desturi yao: lisionekane mpaka kura zihesabiwe, watu wasije wakapigia kura bunduki badala ya chungu. Bakuli la Ardis lilikaa upande, likakataa kutulia.

"Umeficha mzinga humo?" Verlyn aliuliza. "Tangu lini unawinda, wewe? Bunduki ya marehemu mumeo Orrin uliiuza."

"Ninayo nyingine."

"Ya aina gani?"

"Kitendawili," alisema Ardis. Hasira ikimpanda, vitendawili humjia vyenyewe.

"Tega."

"Macho mawili yalitoka nyumbani, jicho moja likarudi."

Verlyn akakuna kidevu. "Bunduki ya mitutu miwili, na mmoja umepasuka!"

"Hujapata. Nipe mji."

"Chukua huu huu, Cutler Creek, na theluji yake yote. Haya, jibu?"

"Subiri kura."

Jiko likawaka hatimaye. Mchuzi wa kulungu ukaanza kuchemka taratibu, na cheri kavu zikavimba ndani yake. Lakini Ardis aliona migongo tu. Foleni ya Verlyn ilizunguka nguzo mara mbili. Kila mtu alipewa punje moja ya haragwe ya kupigia kura, na ndani ya mkebe wa Ardis zilikuwa zikilia moja moja, tik, kisha kimya, kisha tik. Alikoroga kwa nguvu hadi mchuzi ukamrukia mkononi. Miaka sita, aliwaza. Miaka sita nasema na ukuta.

Basi watu walipotaka kwenda zao, wakaukuta upepo mlangoni. Na hapo hapo mlangoni palikuwa na chungu kinachofuka moshi. Mmoja akaonja, akamwita mkewe. Mkewe akamwita dada yake. Waliokuwa bado na punje zao mfukoni wakazitoa.

Ardis alishinda kwa punje tatu. Verlyn akadai zihesabiwe upya. Zikahesabiwa upya, zikawa nne.

"Na chumvi ni yangu!" Verlyn alilalama, na ukumbi mzima ukacheka.

"Uzio," Ardis alisema kabla hajaulizwa. "Kona ya Mierebi. Na njia chini ya barabara."

"Jamani, si watu waendeshe polepole tu?" mtu mmoja aliguna huko nyuma.

Leland akainua mkono. "Bado desturi, mama. Kulungu ulimpigia wapi?"

"Kona ya Mierebi."

"Kwa mbali?"

"Karibu mno."

"Risasi ngapi?"

"Moja."

"Haya, funua."

Ardis akainua bakuli. Mezani palikuwa na kipande cha kioo cha taa ya mbele ya gari, na katika ufa wake umenasa unywele mmoja wa kahawia wa kulungu.