Kwaya Ndani ya Disque

Pale dukani Butembo, Zorobabel alichagua kompyuta nyeusi, akakubali kuachana na Windows awekewe Linux. Fundi akabonyeza «Futa vyote». Mstari wa buluu ukaanza kurefuka kwenye kioo.

«Sasa tutatia nyimbo,» Zorobabel akasema. «Ziko mu ile mashini yangu ya zamani, ile nilikuachia.»

Fundi akageuka polepole. «Papa, disque yake ndiyo nilitia humu, sababu iko na nafasi mingi. Nilizania ulisha kuzicopier.»

Ndani ya diski hiyo mkewe marehemu aliimba na kwaya ya mjini Oicha. Sauti yake haikuwa popote pengine.

«Simamisha!»

«Hata tukizima, papa, hapana kitu itabakia.»

Mstari ukafika mwisho. Zorobabel akainama, akaweka sikio kwenye vitundu vya spika.

Mashine ikalia kengele ndogo, ikimkaribisha.