Kamera ndani ya Mpunga

Nilibonyeza kitufe, na kioo kidogo cha kamera ya video kikawaka. Punje moja ya mpunga ilidondoka kutoka kwenye mlango wa kaseti.

Kabla ya vita, nyumba yetu ya Alunguli ilikuwa na spika mbili kubwa, na juu yake ndipo nilipopenda kuweka kamera yangu. Mke wangu alikuwa akiitoa kila mara, akiniambia:

"Baba, spika iko na sumaku. Itakula picha zote."

Kisha alikuwa akiizika jikoni, ndani ya kikapu cha mpunga wa mbegu. Mimi nilinuna. Kila arusi niliyokwenda kupiga picha, nilianza kwa kupangusa pumba.

Wenye bunduki walipokuja, walibeba spika, redio, hata chaja. Kikapu cha mbegu hakuna aliyekigusa.

Mama yangu alifariki tukiwa tumekimbilia msituni. Hatukubaki na picha yake hata moja, ila kaseti hii. Na leo tu ndipo fundi wa simu alipotupatia chaja nyingine.

Mama akatokea kwenye kioo, yuko arusini, anacheka. "Mutoto yangu, acha hiyo mashini, kuja kula!"

Binti yetu Mapenda, aliyezaliwa baadaye na kupewa jina la bibi yake huyo, alisogea karibu. Alitazama mwanya wa meno ya marehemu, kisha akagusa wa kwake kwa kidole.

Picha zilipoisha, nilisimama na kamera mkononi.

"Unaipeleka wapi?" mke wangu akauliza.

"Jikoni, mama. Kwa mpunga wako."