Mkono Ndani ya Koleo

Kwetu Tanga, anayechemsha dawa ya mzizi wa Kijapani huingiza mkono kwenye koleo la chuma lililo ubavuni mwa jiko, na koleo halimwachii mpaka muda utimie. Ndiyo sheria. Mzizi ule usipochemka saa nzima ni sumu. Chungu kikiepuliwa mapema, koleo linasaga vidole vya mpishi.

Zilibaki dakika ishirini mume wangu Hamdani alipoingia jikoni. Mama yake alikuwa akigumia chumbani.

"Epua, Zubeda! Mama anakufa!"

"Akinywa sasa ndiyo atakufa. Subiri!"

Akanizaba kofi, akanyakua chungu. Koleo likafunga. Vidole vyangu vinne vya kushoto vikavunjika, na nilisikia kila kimoja. Nikamrushia teke huku nikipiga mayowe. Chungu kikapasuka sakafuni, dawa ikamuunguza miguu.

Muda ulipotimia koleo likaachia, nikafunga mkono kwa kanga, nikateleka chungu kingine. Jiko likauliza kwa upole, kama liulizavyo kila mara, "Mkono wa nani?"

Nikamgeukia Hamdani. Yake yote miwili alikwisha kuificha kwapani.

Chumbani mama akaita. Hakumwita yeye.

"Zubeda, mwanangu!"