Kopo la Udongo

Daktari wa mifugo alirudi na majibu ya damu, akaketi kwenye benchi karibu na Mzee Shekuwe. Tarishi, mbwa mlinzi wa shamba la mzee, alikuwa amelala miguuni pao, nyonga imenyolewa manyoya pale ilipopigwa mionzi.

"Uvimbe umesinyaa, mzee wangu," alisema daktari. "Lakini mionzi imezishusha chembe nyeupe za damu. Kinga hana. Kijidudu kidogo tu kinaweza kummaliza. Wiki mbili hizi, unawe kabla ya kumgusa."

"Kabla?"

"Kabla."

Shekuwe alicheka kichovu. Miaka tisa alikuwa akinawa baada ya kulambwa na mbwa huyu: mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama alivyofunzwa utotoni kwenye chuo cha Kurani, ndipo aende kuswali.

Nyumbani alimlaza Tarishi barazani juu ya shuka safi, akaenda bombani. Kwa mazoea, mkono wenyewe ukalifuata kopo la udongo. Alikwisha kujipaka hadi viwikoni alipokumbuka kuwa udongo nao hubeba vijidudu. Akaanza upya, kwa sabuni, mara saba.

Aliporudi na kuketi, Tarishi aliinua kichwa taratibu, akamlamba kiganja, kisha akakilaza kidevu juu yake.

Adhana ya magharibi ikaanza.

"Baba Rukia, maji yako ya udhu haya," mkewe aliita kutoka ndani.

"Naja," alisema Shekuwe.

Kiganja kilicholowa kilibaki chini ya kidevu cha mbwa.