Palipoandikwa Mtoto

"Mama, mtoto mwenyewe yuko wapi?" aliuliza msichana wa mapokezi.

"Ni mimi," alijibu Stara. "Nimekuja kupimwa usonji."

Msichana alicheka, akaona Stara hacheki, akaacha. "Usonji ni wa watoto, mama. Una miaka mingapi?"

"Arobaini na sita. Nilipokuwa mtoto hakuna aliyenipima."

Miezi minne alikuwa amengoja miadi ya kliniki hii binafsi. Sasa alipewa fomu, akaambiwa ajaze, asubiri kidogo.

"Kidogo dakika ngapi?"

"Kidogo tu, mama."

Stara alishusha pumzi. Tangu azaliwe watu humwambia asubiri hicho kidogo kisicho na dakika, na akiuliza wanamwita mkorofi. Aliinamia fomu. Je, mtoto huitika akiitwa? Je, mtoto hucheza na wenzake? Je, mtoto hukasirika utaratibu ukivurugwa? Maswali arobaini, na mtoto yumo katika kila moja.

Alitoa rula mkobani. Kila palipoandikwa "mtoto" alipiga mstari ulionyooka, na juu yake akaandika "mtu". Hapakuwa na haja ya kugusa neno lingine. Sarufi ilikubali, ni watu tu waliokataa.

Daktari alipofungua mlango, alimkuta kwenye swali la thelathini na tisa.

"Bi Stara?"

Hakuitika. Daktari aliita tena. Msichana akanyoosha mkono amguse bega, lakini daktari alimzuia, akavuta kiti taratibu, akaketi kungoja mstari umalizike.